Mbwa wa Nani?

Mdogo wangu alipong'atwa na mbwa, yeye alikuwa na miaka minane na mimi kumi na miwili. Tulikuwa tunatoka madrasa, Muheza, jua limeshainama. Mbwa alitoka nyuma ya kibanda cha mkaa, akamng'ata kwenye shavu la mguu, akaondoka kwa mwendo uleule aliojia. Watu wakajaa. Swali la kwanza halikuwa kama mtoto anaumia, wala kama kuna usafiri wa kwenda hospitali. Lilikuwa: "Mbwa wa nani?"

Hakuna aliyejibu. Kila mtu pale alimfahamu mbwa yule, na wengine walikuwa wakimtupia makombo, lakini hakuwa wa mtu. Kwa kuwa hakuwa na mwenyewe, hakuna aliyejua kama aliwahi kuchanjwa. Na kwa kuwa hilo halikujulikana, mama aliuza cherehani yake ili mdogo wangu apate sindano zote. Usiku ule vijana walitoka na marungu. Waliua mbwa watatu. Hadi leo sijui kama yule wetu alikuwamo.

Miaka ishirini baadaye nilikuwa New York, nimepanga chumba huko Queens kwa mama mmoja wa Kisii aliyehamia Marekani zamani. Alikuwa na mbwa mkubwa wa kahawia aitwaye Simba.

"Mwanangu, nipelekee huyu uwanjani akakimbie," aliniambia asubuhi moja. "Magoti yangu leo yamekataa."

"Mama, mimi na mbwa hatuna mazoea."

"Yeye ana leseni na ana chanjo. Wewe una nini?"

Nikamchukua. Uwanja wenyewe ulikuwa sehemu ya bustani ya umma iliyozungushiwa uzio, yenye malango mawili yanayofuatana ili mbwa asichomoke mmoja anapoingia. Langoni palikuwa na bango la masharti. Mbwa awe amevaa kibati cha leseni na kibati cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa jike aliye kwenye joto asiingie. Chakula kisiingizwe. Kinyesi kizolewe. Shimo likichimbwa, lifukiwe. Mwenye mbwa asiondoke na kumwacha mbwa ndani. Nilisoma mara mbili, nimeushika mnyororo kwa mikono yote miwili. Huu ulikuwa uwanja wa mbwa kufunguliwa, lakini karibu kila sharti lilimfunga mtu.

Nilipoanza kusoma historia ya bango lile, nilikutana tena na swali la Muheza.

Katika karne ya 19 New York ilikuwa na mbwa koko wengi, na kila kiangazi hofu ya kichaa cha mbwa ilipanda pamoja na joto. Jiji lililipa senti kadhaa kwa kila mbwa aliyekamatwa akizurura na kufikishwa kwenye zizi la manispaa. Malipo hayo yalizaa biashara. Vijana hawakuishia kwa mbwa wa mitaani. Waliiba hata mbwa waliofugwa, wakawapeleka kuuza. Mwenye mbwa akiwahi, alimkomboa wake kwa fedha. Asipowahi, au akiwa hana fedha, mbwa alikwenda mtoni.

Tarehe 5 Julai 1877, katika siku moja, mbwa 762 walizamishwa kwenye East River. Walitiwa ndani ya kizimba cha chuma chenye urefu wa futi 7, upana wa futi 5 na kimo cha futi 4, kinachobeba mbwa 48 kwa mkupuo. Winchi ilikinyanyua, ikakishusha majini, ikakiacha humo dakika kumi, kisha ikakitoa kwa ajili ya kundi linalofuata. Wahenga wa pwani yetu walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Wale walikuwa futi chache tu kutoka ukingoni.

Ni rahisi kuwahukumu watu wa 1877. Lakini nikikumbuka marungu ya Muheza, na uso wa mama yangu alipokuwa akihesabu noti za cherehani, siwezi kuwahukumu kwa haraka. Wao hawakuwa hata na sindano ya kuuzia cherehani. Chanjo ya Louis Pasteur ilijaribiwa kwa mtu kwa mara ya kwanza mwezi Julai 1885, jijini Paris, kwa mtoto wa miaka tisa aitwaye Joseph Meister. Desemba ya mwaka huohuo, watoto wanne wa Newark, ng'ambo tu ya New York, waling'atwa na mbwa aliyedhaniwa kuwa na kichaa. Umma ukachanga fedha, watoto wakapandishwa meli kwenda Paris, na wakarudi wakiwa hai. Mchango wa jiji zima kwa watoto wanne! Waliokuwa wameng'atwa miaka kumi kabla yao hawakuwa na pa kupelekwa.

Hatua iliyobadilisha mambo haikuwa upole peke yake. Ilikuwa karatasi. Mwaka 1894 sheria ya jimbo la New York iliitoa kazi ya kusimamia mbwa mikononi mwa zizi la manispaa, ikaikabidhi ASPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilichoanzishwa na Henry Bergh mwaka 1866. Bergh mwenyewe hakuishi kuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1888. Sheria ilimtaka kila mwenye mbwa akate leseni ya dola 2, na fedha hizo ndizo zilizoendesha kazi. Mbwa akavaa kibati shingoni, na jina la mwenyewe likaandikwa kwenye daftari.

Tusijidanganye kwamba mauaji yalikoma. Mbwa wasiodaiwa na mtu waliendelea kuuawa, sasa kwa gesi badala ya maji. Kilichobadilika ni kwamba kabla ya mbwa kufa, ilibidi mtu aulize swali lile: wa nani? Safari hii palikuwa na daftari la kujibu. ASPCA iliifanya kazi hiyo kwa miaka mia moja, hadi 1994.

Leseni ilimtambulisha mbwa, lakini haikumpa uhuru. Kanuni za afya za jiji zilitaka mbwa yeyote aliye mahali pa umma awe kwenye kamba isiyozidi futi 6, na bado zinataka hivyo. Ugomvi mkubwa uliofuata haukuwa hata wa meno. Ulikuwa wa mavi. Katika miaka ya 1970 New York ilikuwa imefilisika nusu, taka zimejaa, na vijia vya miguu vimechafuliwa kiasi kwamba watu walitembea wakitazama chini. Sheria ya kumtaka kila mtu azoe kinyesi cha mbwa wake ilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1978, wakati wa Meya Ed Koch. Wengi waliicheka. Nani atainama barabarani mbele za watu na kushika kitu kile? Na polisi gani ana muda wa kulinda mikia?

Walioifanya ifanye kazi hawakuwa polisi. Walikuwa majirani. Mtu aliyeacha uchafu alitazamwa, akasemwa, akaitwa arudi. Aibu ilifanya kazi ambayo faini peke yake isingeiweza. Nafikiri hapo ndipo uwanja wa mbwa ulipowezekana New York: watu walipoona kwamba mgeni wasiyemjua, asiyesimamiwa na askari, anaweza kuinama.

Upande wa pili wa Marekani, huko Berkeley, California, bustani ya Ohlone ilikuwa tayari imefungua sehemu ya mbwa kukimbia bila kamba mwaka 1979. Huhesabiwa kuwa ya kwanza rasmi ya aina yake nchini humo. New York ilipata uwanja wake wa kwanza mwaka 1990, ndani ya Tompkins Square Park, na hapa lazima nisimame kidogo.

Bustani hiyo wakati ule ilikuwa pia makazi ya watu wasio na nyumba. Agosti 1988, jiji lilipojaribu kuifunga usiku, polisi na waandamanaji walipambana hadi alfajiri. Mwaka 1991 waliolala humo kwenye mahema na vibanda waliondolewa, bustani ikafungwa kwa ukarabati, ikafunguliwa tena 1992. Uwanja wa mbwa ulibaki, na upo hadi leo. Sisemi kwamba mbwa waliwafukuza watu. Walioamua ni binadamu. Lakini mambo hayo mawili yalitokea kwenye ardhi moja, katika miaka ileile. Mbwa alikuwa na kibati kinachosema ni wa nani na anakaa wapi. Mtu wa kwenye hema hakuwa na anwani, na alipoondolewa, jiji halikupata mtu wa kumjibia. Nikisifu kibati, nakumbuka pia kwamba anayeishi katika jiji la karatasi bila karatasi anaweza kuwa mbwa koko akiwa na miguu miwili.

Viwanja vya uzio havikuwatosha mbwa wa New York. Kwa miaka mingi Idara ya Bustani ilikuwa na desturi isiyoandikwa: katika bustani fulani, kati ya saa tatu usiku na saa tatu asubuhi, askari wa bustani hawakumwandikia faini mtu aliyemfungua mbwa. Mwaka 2006 chama cha wakazi kutoka Queens kilikwenda mahakamani. Hoja yao ilikuwa nyepesi na, kwangu mimi, nzito: kanuni inasema kamba, basi kwa nini idara ya serikali iruhusu kisichoandikwa? Nani atajibu mtoto aking'atwa?

Walishindwa kesi, jaji alisema idara ina mamlaka ya kuamua. Hata hivyo, swali lao lilisikika. Desemba 2006 Bodi ya Afya ilibadili kanuni zake, na mwaka 2007 saa zile zikawa sheria iliyoandikwa: tangu bustani inapofunguliwa hadi saa tatu asubuhi, na tangu saa tatu usiku hadi inapofungwa, kwenye maeneo yaliyotajwa, kwa mbwa mwenye leseni na chanjo ya kichaa cha mbwa. Desturi ya kufumbiana macho ikageuka kuwa mapatano yenye masharti. Waliotaka kamba ndio waliowapa wenye mbwa ruhusa iliyoandikwa.

Miji mingine imekwenda mbali zaidi. Minneapolis hutoa kibali maalumu cha viwanja vya mbwa, mbali na leseni ya kawaida. Chicago hupitisha kibali chake kwa daktari wa mifugo, ili asiyechanja asipate kibati. Ukiona foleni na ada hizo unaweza kucheka, kwamba Wazungu wamempa mbwa hadi pasipoti. Mimi nimeacha kucheka. Kichaa cha mbwa bado kinaua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kung'atwa na mbwa. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakata njia. Marungu hayafikishi hapo. Mbwa wengine huja kujaza nafasi. Vijijini kwetu, siku za kampeni ya chanjo, mara nyingi watoto ndio huja wakiburuta mbwa kwa kamba za katani. Mwandishi wa kadi huuliza swali lilelile, na mtoto hujibu bila kusita: "Wangu."

Asubuhi ile Queens nilimfungua Simba kwa mikono inayotetemeka. Alikimbia mara tatu kuzunguka uzio, akanusa wenzake, kisha akaenda kwenye kona ya mbali na kufanya alichokwenda kufanya. Nilijifanya sikuona. Bibi mmoja aliyekaa kwenye benchi akanyanyua fimbo yake, akaielekeza kwenye kona, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote mbwa yule ni wa nani.

Nikatazama huku na huku. Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Nikanyoosha mkono, nikatoa mfuko wa plastiki aliokuwa amenipa Mama, nikaenda kuinama.