Shamba Linalopumzika si Shamba Bila Mwenyewe

Wazee wetu walipokwisha kuvuna shamba miaka miwili au mitatu, waliliacha lipumzike, hata miti iote tena na udongo upate nguvu. Shamba lile halikuwa na jembe, lakini lilikuwa na mwenyewe: ukoo ulijua mipaka yake.

Tarehe 1 Julai 1885, Leta ya mfalme Leopold II ilitangaza kwamba inchi zote zisizo na mtu ni mali yake. Neno lilikuwa fupi, matata yake marefu. Mashamba yaliyopumzishwa yakahesabiwa kuwa matupu, na misitu ya kuwindia vilevile. Kwa njia hiyo kampuni zikapata misitu ya mpira, nao wenyeji wakalazimishwa kuuchuma.

Wengine watasema: kosa ni la wageni. Tusijidanganye. Sheria ya 20 Julai 1973 ilisema tena kwamba udongo wote ni mali ya Leta. Haki za wenyeji juu ya inchi za ukoo zilingoja amri ya rais, nayo ikakawia miaka na miaka. Tarehe 30 Novemba mwaka uleule, rais Mobutu alitangaza kutwaa mashamba na maduka ya wageni. Mengi yakapewa wakubwa na rafiki zao, wengi wasiojua kulima, mashamba yakaharibika.

Basi, Leta isitwae shamba kamwe? Hatusemi hivyo. Papa Paulo VI, katika barua Populorum Progressio ya 1967, alikubali kwamba mashamba makubwa yanayozuia ustawi wa wote yaweza kutwaliwa. Lakini kutwaa kwa faida ya wote si kuwagawia wachache. Naye Papa Fransisko, katika Laudato si' ya 2015, alifundisha kwamba wenyeji wanaobaki katika inchi yao ndio wanaoitunza vizuri zaidi. Wazee wetu walijua hayo kwa jembe.

Leo njia moja imefunguliwa. Amri ya 2 Agosti 2014 inaruhusu kijiji kuomba msitu wa mababu, hata hektari 50.000, bila kulipa na bila mwisho wa miaka. Vijiji vingi havina habari. Katekista anayesoma amri hiyo pamoja na wazee, akaandika nao majina ya mito na mipaka, anafanya kazi ya haki. Tusingoje mpaka mwingine aje kusema tena: hapa hakuna mtu.