Kanisa la Songea na Jeraha la 1906

Kila tarehe 27 Februari Songea hukumbuka mashujaa wa Maji Maji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Hotubani jambo moja hupitwa haraka: wengi wao, akiwemo Nkosi Mputa Gama, walibatizwa na mmisionari Mbenediktini muda mfupi kabla ya kitanzi. Waliokuwa wanakufa walipata mhudumu. Je, wajane wao, na waliokumbwa na njaa baada ya jeshi kuteketeza vyakula, nani aliwasikiliza? Misheni ya Peramiho, nayo ilichomwa katika vita hivyo, ilijengwa upya, ikaleta shule na hospitali (hilo nalishukuru). Kilio cha ndani kiliachiwa ukoo. Rais Steinmeier wa Ujerumani alipoomba msamaha hapa Novemba 2023, ukoo wa Nduna Songea Mbano ulikuwa bado unatafuta kichwa chake.

Kwa hiyo, makanisa yanapoandaa wahudumu wa wenye majeraha ya moyo, naomba historia hii iwe somo la kwanza. Anayekuja akilia, kwa msiba au kipigo cha nyumbani, asiulizwe kwanza kama amesamehe. Asikilizwe, siri yake itunzwe, na ikibidi asindikizwe hospitali au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.