Gorogoro Si Kilo

Mwaka 2021 nilimpotezea mathe shilingi 13,500, na nilitumia simu yake mwenyewe kufanya hivyo.

Kibanda chake cha nafaka kiko Njiru, ndani kidogo ukitoka Kangundo Road. Anauza mahindi, maharagwe, ndengu na omena, na vipimo vyake ni vitatu tu: gorogoro, nusu gorogoro na kikombe. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza kozi ya kompyuta, kichwa kimejaa, nikaamua biashara ya mathe iingie karne hii. Nikamtengenezea jedwali kwa simu. Mstari wa kwanza kabisa niliandika: gorogoro 1 = kilo 2. Kila hesabu nyingine ilining'inia kwa huo mstari.

Wiki mbili baadaye jamaa wa kuku kutoka Ruai akapiga. Alitaka omena kilo 40 za kuchanganya na chakula cha kuku. Gorogoro ya omena ilikuwa mia tatu, jedwali likagawanya kwa mbili, nikamwambia kilo ni mia na hamsini. Alikubali haraka sana. Hapo ningeshtuka, lakini elfu sita ilikuwa imeshaingia kwa simu. Nikapima gorogoro 20, nikafunga gunia, nikangoja. Akaja na mzani wa kuning'iniza. Ulisoma kilo 12 na kitu.

"Nani alikuambia omena ni mahindi?" mathe aliniuliza kwa sauti ya chini. Mbele ya mteja hakuongeza neno. Ahadi ni deni, kwa hivyo tuliendelea kujaza mpaka gorogoro ya 65. Hesabu utaifanya mwenyewe.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu lilikuwa namba: badala ya 2 ningeandika namba nyingine. Lakini hakuna namba ambayo ingeniokoa. Gorogoro hupima nafasi, kilo hupima uzito, na kati ya hivyo viwili lazima usimamishe kitu: maharagwe, unga, omena. Bila kukitaja hicho kitu, swali la gorogoro ni kilo ngapi halina jibu.

Watu wa Pwani walijua haya zamani. Nafaka walipima kwa kibaba na pishi, vibaba 4 vikiwa pishi 1. Sote tumekariri shuleni kwamba haba na haba hujaza kibaba, na sikumbuki hata mmoja wetu akiuliza kibaba ni nini. Ni chombo, methali yenyewe inasema kinajazwa. Na hata kukijaza kulikuwa na namna mbili: kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa ukingoni, na kibaba cha tele, chenye kilima juu. Pembe za ndovu na karafuu zilikuwa na kipimo kingine, frasila, ambacho ni uzito: karibu ratili 35, yaani kama kilo 16. Kwa hivyo ukikuta frasila 10 kwenye daftari la kale la Unguja, kalkuleta inatosha. Ukikuta pishi 10, anza kuuliza. Za mchele au za mtama? Za mfuto au za tele?

Halafu mafuta ya taa yakaja, ndani ya mikebe ya galoni 4 za Kiingereza, kama lita 18. Mafuta yaliisha, mkebe ukabaki, na soko likaupa kazi mpya. Hilo ndilo debe. Gunia la mahindi enzi za mkoloni lilikuwa la ratili 200, na Kenya ilipohamia kilo baada ya uhuru, ratili 200 zikawa kilo 90 na sehemu kidogo, ile sehemu ikatupwa. Ndiyo maana tunahesabu magunia ya kilo 90, namba ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu angeichagua kuanzia mwanzo. Hapo hakukuwa na shida, uzito uligeuzwa kuwa uzito. Shida iko pale sokoni tunaposema gunia ni debe 6. Debe 6 za nini, na zimekauka kiasi gani?

Lumbesi pia ni mtoto wa mchanganyiko huu. Gunia la viazi likihesabiwa kama gunia tu, unaweza kulishonea kichwa cha nyavu, likarefuka, na bado likaitwa gunia moja. Kanuni za viazi za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50. Mkulima amelia na hiyo lumbesi miaka mingi.

Nikitafuta wa kulaumu, naangukia Wafaransa. Mwaka 1795 walipounda mfumo wao, gramu waliifunga kwa maji: uzito wa maji yanayojaa sentimita moja ya ujazo. Ndiyo maana lita moja ya maji ni kilo moja. Ni mpango safi, na mwalimu huufundisha kwa maji kila mara, mpaka mtoto anatoka darasani akiamini lita na kilo ni ndugu wa damu. Mafuta ya kupikia tu yanaelea juu ya maji. Na gorogoro ni nini kama si mkebe wa mafuta ya kupikia ulioandikwa kilo 2? Maandishi yale yalihusu mafuta. Mahindi makavu yenye kilima yanakaribia hapo kwa bahati, na bahati hiyo ndiyo niliyoiita kanuni. Omena wakijazwa humo, sehemu kubwa ni hewa.

Siku hizi mathe ana mzani wa dijitali. Watu wa kuku wanapimiwa kwa kilo. Majirani hawautaki: "Mama, weka kwa gorogoro nione." Siwalaumu, kilima wanakiona kwa macho yao, ingawa gorogoro iliyobonyezwa chini nayo nimeiona sokoni, si kwetu.

Jedwali bado lipo. Ule mstari wa kwanza niliufuta, na sasa kila nafaka ina mstari wake. Mahindi yana miwili, ya msimu mpya na yaliyokauka. Mathe akishapima, mteja husema "niongeze kidogo," naye hutupia konzi moja juu, kubwa au ndogo kutegemea ni nani. Hiyo konzi sijajua niiandike wapi.