Picha Zilizohifadhiwa na Picha Zisizochapwa

Sisi walimu tumezoea kuutafuta ushahidi wa historia katika nyaraka za serikali, katika magofu na katika vinywa vya wazee. Ni nadra kuufikiria ushahidi uliofungwa ndani ya pakiti za sigara. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kumbukumbu ya besiboli nchini Marekani, mchezo ambao mtu huupiga mpira kwa gongo kisha akakimbia kuvizunguka vituo vinne, imetufikia kwa njia hiyo duni.

Kati ya mwaka 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco ilitia katika pakiti zake kadi ndogo, upana wake sentimita 4 hivi na urefu usiotimia 7. Kadi ilizikinga sigara zisipondeke, na picha ya mchezaji ilimvuta mnunuzi atafute nyingine. Zilichapwa kadi za namna zaidi ya 520. Iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya Honus Wagner wa timu ya Pittsburgh Pirates, mwana wa wahamiaji wa Kijerumani, aliyefanya kazi katika migodi ya makaa ya mawe tangu utotoni, na ambaye baadaye aliongoza ligi yake kwa upigaji mara 8. Uchapaji wa kadi yake ulikomeshwa mapema. Wengi husimulia kwamba hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake. Wengine hunena kwamba alitaka malipo. Simulizi ya kwanza ni tamu, nami nasita kuimeza nzima, kwani kadi nyingine, iliyotolewa na kampuni ya Leaf mwishoni mwa miaka ya 1940, yamwonyesha mzee huyohuyo akitia tumbaku kinywani. Kweli, kutafuna si kuvuta.

Kadi hizo zingalipotea zote lau si watu kama Jefferson Burdick. Huyu alizaliwa mwaka 1900, akafanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya umeme huko Syracuse, na ugonjwa wa baridi yabisi ukamkunja viungo. Hakuwa tajiri, wala hakusifika kuwa mshabiki wa mchezo wenyewe. Alichokipenda ni karatasi. Alizipanga kadi kwa makundi, akalipa kila kundi herufi na nambari. Kadi za tumbaku za karne ya ishirini zikapewa herufi T, na kundi lenye kadi ya Wagner likaitwa T206, jina linalotumika hata leo. Aliyewahi kutunga kamusi ataijua kazi ya namna hii: kitu kisicho na jina hakitafutiki. Kuanzia mwaka 1947 Burdick aliikabidhi hazina yake kwa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York, vipande zaidi ya 300,000, na kwa miaka mingi akawa akienda huko kuvibandika katika vitabu kwa vidole vilivyopinda. Aliimaliza kazi hiyo Januari 1963, akafariki Machi mwaka huohuo. Aliikadiria kadi ya Wagner thamani ya dola 50; mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Lakini mkusanyaji huokota kilichochapwa tu. Katika kundi zima la T206 hayumo Mmarekani Mweusi hata mmoja, kwa kuwa wenye timu kubwa, kwa mapatano yasiyoandikwa, waliwafungia mlango. Basi na tubaki Pittsburgh. Katika uwanja wa Forbes Field, uliofunguliwa mwaka 1909 na ambamo Wagner alicheza na baadaye kufundisha, timu ya Weusi ya Homestead Grays nayo ilikuwa ikicheza mechi zake, na mpigaji wake mkuu alikuwa Josh Gibson. Watazamaji walimwona. Kampuni kubwa za kadi za Marekani hazikumchapa kamwe alipokuwa hai. Alikufa Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu kabla Jackie Robinson hajaingia ligi kuu akiwa na timu ya Brooklyn.

Kadi ya Gibson ambayo wakusanyaji huitafuta sana ilitolewa Puerto Rico, alikokuwa akicheza majira ya baridi, katika msimu wa 1950 na 1951, naye amekwisha kuzikwa. Mwaka 1972 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo, miaka 36 baada ya Wagner. Mwaka 2024 ligi kuu ilizihesabu rasmi takwimu za ligi za Weusi pamoja na zake, na wastani wa Gibson wa kupiga, yaani mapigo yaliyofaulu yakigawanywa kwa majaribio, ukaonekana kuwa 0.372. Ty Cobb, ambaye katika kundi la T206 amechapwa kwa picha 4 tofauti, ana 0.367.