Mnazi Mmoja, Ukumbi wa Arnautoglu na Jasho la Waha

Amma taarikhi ya uwanja wa Mnazi Mmoja mjini Dar es Salaam, na ya ukumbi wa Arnautoglu ulio ubavuni mwake, ambao watu wa mji huuita Anatoglo, imekwisha simuliwa mara nyingi kuwa ni habari ya watu wa pwani. Walakini sisi wenyeji wa nyanda za juu za Kasulu na Kibondo tunalo fungu letu humo, nalo yapasa litajwe.

Uwanja wenyewe haukuachwa wazi kwa ajili ya kupunga hewa. Serikali ya kikoloni iliutaka uwe mpaka baina ya mitaa ya Wazungu na Wahindi na ile ya Waafrika huko Kariakoo. Na mahali palipokusudiwa kuwatenga watu pakawa, kwa kudura ya Mwenyezi Mungu, ndipo wanapokutania kwa Maulidi na mikutano ya hadhara.

Mapema katika miaka ya 1950 ukajengwa ukumbi, kwa fedha alizozitoa George Arnautoglu, Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge, uwe mahali pa Waafrika pa kusoma na kuburudika. Ukarimu huo twaushukuru. Lakini mali ya mkonge katika Tanganyika haikuota yenyewe: wavyele wetu Waha, waliodaiwa kodi ya fedha ilhali nchi yao haikupewa njia ya kuipata, waliandikishwa huku kwetu, na tangu 1944 na SILABU, wakala wa wenye mashamba, wakapanda gari la moshi Kigoma, wakapelekwa hata Morogoro na Tanga, wakaitwa manamba, wakakata majani yale yenye miiba mpaka mkataba uishe. Wako wasiorejea, na makaburi yao yamo huko huko.

Katika ukumbi huo, tarehe 17 Aprili 1953, Chama cha Waafrika wa Tanganyika kilimchagua Julius Nyerere kuwa rais mahali pa Abdulwahid Sykes. Tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU kutokana na chama hicho, na mwaka 1955, aliporejea kutoka Umoja wa Mataifa, Nyerere akauhutubia umma pale pale uwanjani.

Ombi langu kwa wanaoutunza ukumbi ni kwamba ukutani, pamoja na jina la mfadhili, waandikwe manamba pia, na Kasulu na Kibondo zitajwe kwa majina.