Tarehe Yako Ni ya Nani?



Ijumaa moja hapa Doha, pilau ikishaliwa na chai ikishamiminwa, karatasi ilipitishwa mkono kwa mkono. Ilikuwa na safu nne: jina, simu, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya kitambulisho. Nia ilikuwa njema: kila mtu akumbukwe siku yake, hasa wale wanaoishi peke yao. Iliponifikia nikakuta watu saba wamezaliwa tarehe 1 Januari. Tulicheka sana. Lakini kicheko kile kina historia yake.

Kwetu pwani, siku ya kuzaliwa mara nyingi ilikaa katika jina. Juma alizaliwa Ijumaa, Khamis Alhamisi, Ramadhani mwezi wa mfungo, Masika wakati wa mvua. Mwaka nao ulikaa katika tukio. Mzee wa Unguja aliweza kuhesabu umri tangu tufani ya Aprili 1872 iliyoangusha mikarafuu, au tangu mizinga ya Waingereza ilipopiga kasri tarehe 27 Agosti 1896. Mashahidi walikuwa mkunga, shangazi na majirani. Kila mtu alijua, na hakuna aliyeweza kukuibia kwa kujua.

Kisha yakaja makaratasi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya kikoloni Kenya iliwabebesha wanaume Waafrika kipande, kuanzia umri wa miaka 16. Lakini nani alikuwa na cheti cha kuonyesha miaka hiyo 16? Umri ukakadiriwa. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ya mwaka 1928 ilianza kwa kuwalazimu Wazungu na Waasia. Waafrika waliingizwa hatua kwa hatua, na nchi nzima ikaenea mwaka 1971. Waliozaliwa kabla ya hapo wengi walikisiwa mwaka, na pale siku ilipokosekana ikajazwa 1 Januari.

Mama yangu ni mmoja wao. Pasipoti yake yasema 1 Januari 1961. Bibi, Mungu amrehemu, alisema binti yake alizaliwa Mto Tana ulipofurika na watu wakihama kwa mitumbwi. Mafuriko hayo yalikuwa mwishoni mwa 1961. Basi siku ile iliyoandikwa na serikali, Mama hakuwa hata tumboni!

Hapa Qatar, makaratasi yamekwenda mbali zaidi. Tazama kitambulisho chako cha ukaazi. Kina tarakimu 11. Ya kwanza ni karne: 2 kwa waliozaliwa miaka ya 1900, 3 kwa miaka ya 2000. Mbili zinazofuata ni mwaka wako, na tatu baada ya hizo ni nchi yako: 404 Kenya, 834 Tanzania, 800 Uganda. Anayeanza na 280404 ni Mkenya aliyezaliwa 1980, hata kabla hujaambiwa jina lake. Ukimwongezea mgeni siku na mwezi, pamoja na simu yako, umemkabidhi majibu ya maswali mengi anayoulizwa mtu anapojitambulisha kwa simu. Nasi wa 1 Januari ndio rahisi zaidi kubahatishwa.

Qatar ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi, Na. 13 ya mwaka 2016. Kenya ikafuata 2019, Tanzania 2022. Sheria hizo zamfunga anayekusanya taarifa za watu. Lakini karatasi inayozunguka baada ya pilau mlinzi wake ni sisi wenyewe, na ikishapigwa picha kwa simu haina tena mwenyewe.

Siku ile nilimwomba kaka aliyeianzisha tufute safu mbili za mwisho. Alinuna kidogo. "Sasa tutakumbukana vipi?" akauliza. Mzee mmoja wa Pemba akamjibu kwa kuanza kusimulia alizaliwa lini: usiku wa mvua, msimu wa karafuu, babake akiwa shambani. Kila mtu akafuata na yake, hata wale saba wa Januari. Chai ikapoa.

Karatasi ilibaki na majina na simu tu. Nilipofika nyumbani nilimpigia Mama, nikamwomba anisimulie tena ule mwaka wa mafuriko.