Mswaki wa mti katika maabara ya Stockholm

Mtu akiomba mswaki dukani leo, Mombasa, aghalabu atapewa brashi ya plastiki. Hata hivyo jina hilo, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa la kijiti kabla ya kuwa la brashi. Kijiti chenyewe hukatwa kutoka mzizi au tawi la mti ambao wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Hakihitaji kiwanda: ganda humenywa kiasi cha sentimita moja, ncha hutafunwa mpaka nyuzi zitawanyike, na ikichakaa hukatwa ili ianzwe mpya.

Kwa karne nyingi Waislamu wamekitumia kwa kufuata mwenendo wa Mtume Muhammad, na wafugaji wa nchi kavu kwa sababu mti upo karibu. Ila siri ya kijiti hicho ilichunguzwa mbali na mti wenyewe, katika Taasisi ya Karolinska, Huddinge, kusini mwa jiji la Stockholm.

Mwaka 2008 mtafiti Abier Sofrata na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio sahili. Vipande vya mswaki vilizamishwa katika visahani vilivyooteshwa bakteria wa kinywani. Vingine vilining'inizwa juu yake bila kugusa. Hata vile visivyogusa viliwazuia bakteria kukua. Ikadhihirika kwamba dawa iliyomo huruka hewani kama harufu. Mwaka 2011 waliitambua katika mzizi: benzaili isothayosaineti, kemikali ambayo hupatikana pia katika mbegu za papai na kuzipa ukali wake. Basi ule mwasho wa mswaki mbichi, unaopungua kijiti kinapokauka, una maana yake.

Lakini visahani hivyo vilionyesha pia mpaka wa dawa hiyo. Bakteria wanaohusishwa na maradhi ya fizi walizuiwa vikali. Wale wanaohusishwa na kuoza kwa meno waliathirika kidogo zaidi. Isitoshe, kisahani cha maabara si kinywa cha binadamu.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa wazazi wanaoacha dawa ya meno ya dukani na kujitengenezea unga wa mkaa na chumvi. Mkaa husugua madoa, lakini ukitumiwa kwa nguvu kila siku unaweza kulika pamoja na tabaka gumu la jino, ambalo likishaondoka halioti tena. Wala mchanganyiko huo hauna floraidi ya kutosha kuzuia meno yasioze. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu.

Mswaki wa mti, kwa hiyo, haukushindwa mjini Stockholm, wala haukutangazwa kuwa tiba ya kila kitu. Ulithibitishwa kuwa na nguvu dhidi ya maadui wa fizi. Jino la mtoto anayekula peremende bado linahitaji floraidi.